Mwaka Tulipong'oa Breki

Guyo alikuja Garissa na lori la ng'ombe wa mnada, siku chache kabla ya Ramadhani iliyopita. Mimi nilikuwa jikoni napiga unga wa anjera. Nikasikia hodi, halafu mtoto wangu wa mwisho akaja mbio akaniambia, "Hooyo, kuna mzee nje ana ndevu za hina, anauliza kama breki yuko. Nimwelekeze duka la spea?" Nikaacha mwiko ndani ya unga. Nilikuwa sijaitwa jina hilo miaka mingi, tangu kabla ya ile miaka ya shida ambapo barabara ya Garba Tula ilifungwa na kila mtu akabaki upande wake, hajui mwenzake yuko hai au la. "Mkaribishe," nikamwambia. "Breki ni mimi." Basi alasiri ile tulikaa wote kwenye mkeka wangu mkubwa: Guyo, mume wangu Abdi na goti lake bovu, kaka yangu Yusuf, na mke wa Yusuf, Zeinab, aliyekuja na halwa chini ya shuka. Alhamdulillahi, hakuna aliyepungua. Wanaume wakaanza kusimulia ile safari ya baiskeli, na kila mmoja alikuwa mbele ya wenzake. Nikawasikiliza tu. Mwalimu wetu wa darasa la jioni, pale ambapo sisi akina mama tunajifunza kusoma baada ya kupika, alikuwa ametuambia kila mtu aandike mwaka mmoja wa maisha yake. Nikaona niandike huu, kabla hawa wazee hawajauharibu.

Ilikuwa kabla ya Emergency, ile miaka ya shida niliyoitaja. Mimi na Abdi tulikuwa tumeoana karibuni, tunakaa vyumba viwili nyuma ya duka la cherehani alikofanya kazi. Nikisema vyumba viwili naongeza. Kilikuwa chumba kimoja, katikati tumening'iniza pazia la magunia ya sukari. Upande wangu kulikuwa na kitanda cha kamba, sanduku, na jiko la makaa. Upande wa pili ulikuwa wa wageni, na wageni walikuwa wawili tu kila siku: Yusuf, aliyekuwa akinunua ngozi za mbuzi na kuziuza, na Guyo, Mborana, fundi wa kuziba pancha. Katika mji wenye miba kama Garissa, fundi wa pancha halali njaa. Wote watatu walikuwa na baiskeli nyeusi za chuma, nzito, za mkono wa pili. Kila siku baada ya swala ya alasiri walipanda wakaenda mpaka kule ndege zinakotua na kurudi, bila kazi yoyote, wanashindana tu. Wazee walikaa mbele ya maduka wakawacheka. "Hizo ngamia zenu," waliwaambia, "mtazikamua lini?" Wakirudi walikuwa na njaa ya simba. Niliwapa anjera na maharagwe, au nyirinyiri nikiwa nayo, ile nyama ya ngamia iliyokatwa vidogo na kukaangwa ndani ya samli, na chai ya tangawizi. Walikula upande wao, mimi nilikula upande wangu, na pazia la gunia halizuii maneno. Naweza kusema nilisoma shule yangu ya kwanza nyuma ya lile pazia. Nilijua bei ya ngozi, nilijua spoki ngapi zimevunjika, nilijua nani anampenda nani.

Yusuf alimpenda Zeinab. Walionana mara moja, baba yake alipopita Garissa kununua mifugo, na wazee wakazungumza wakakubaliana. Lakini Mzee Warsame, baba yake, alikuwa anakaa Nanyuki, upande wa pili wa mlima mkubwa, na Yusuf alikuwa amevunja ahadi ya kwenda mara mbili. Mara ya kwanza ukame ulituchinjia mifugo. Mara ya pili mama yetu alifariki, Mungu amrehemu. Mwaka ule mvua ikaja kama kisasi. Siku moja dereva wa lori, lori la mwisho kabla barabara haijakatika, akaleta salamu za Mzee Warsame, na alizisema pale pale kwenye mkeka huku nikimmiminia chai kupitia upenyo wa pazia. "Mzee anasema hivi: hana ugomvi na mtu. Lakini mwezi wa Ramadhani ukionekana na watu wa Yusuf hawajaingia mlangoni kwake, amemaliza kungoja. Kuna mtu mwingine anamtaka msichana, na baada ya Idi atapewa."

Dereva alipoondoka wakaanza kupiga hesabu. Malori yalikuwa yamezama matope hadi Modogashe. Ngamia kwenye udongo ule mweusi uliolowa anateleza, miguu inakwenda huku na huku, akianguka amevunjika. "Baiskeli," akasema Guyo. "Matope yakizidi unaibeba. Lori utalibeba wewe?" Abdi akacheka, lakini Guyo hakuwa anacheka. Wakazungumza juu ya mlima. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kupanda kitu kirefu kuliko ukingo wa mto Tana. Halafu wakafika kwenye jambo gumu. Kwetu posa ni maneno ya wanaume, lakini kuna kitu kimoja mwanamume hawezi kukipeleka. Ni shaash, kitambaa cha hariri ambacho mwanamke hufunga kichwani akiwa mke. Anakipeleka mwanamke wa damu ya bwana harusi, anaingia nacho ndani kwa wanawake, anamwuliza binti maneno yake mwenyewe, na anakiweka mikononi mwake. Kitambaa cha mama yetu kilikuwa ndani ya sanduku langu. Mama alikuwa kaburini, na mimi ndiye dada pekee. "Hatuwezi kumpeleka Habiba," akasema Yusuf. "Ni mbali." "Ana nguvu kuliko wewe," akasema Abdi. "Kwenye keria? Mpaka Nanyuki? Watu watasema nini?" Yusuf akauliza. Nikaona wananizungumzia kama gunia. Nikasema kutoka upande wangu, "Watu watasema dada yake Yusuf alikwenda. Mkimaliza chai nipeni vikombe."

Siku zilizofuata Abdi alinifundisha kukaa kwenye keria. Unakaa upande, guo umelikunja vizuri, unashika kiti, unaacha mwili uende na baiskeli, usibishane nayo. Walifanya mazoezi kwenye mchanga wa kando ya mto, kwa sababu Guyo alisema mchanga ndio mlima wa Garissa. Na kweli, Abdi alikanyaga pedali huku mishipa ya shingo imesimama, na tulikwenda polepole kuliko mbuzi mjamzito. Wanawake waliokuja kuteka maji wakaacha mitungi yao kunitazama. Mmoja akaniambia, "Abaayo Habiba, leo umepakiwa kama gunia la sukari." Nikamwambia, "Sukari inapakiwa kwa sababu ina thamani. Wewe unatembea." Wakacheka, na kuanzia siku hiyo waliniletea kila mmoja kitu cha njiani, huyu samli, huyu tende.

Sasa nifike kwenye breki. Mvua ya kwanza ilipowakuta kwenye mazoezi, matope yalijaa kati ya breki na tairi mpaka magurudumu yakagoma kuzunguka. Guyo akageuza baiskeli miguu juu pale mlangoni kwangu, akaitazama kama daktari. "Tatizo ni hizi breki," akasema. "Zinakamata matope. Halafu ni uzito wa bure. Mtu anayepanda mlima anataka kusimama ya nini?" Yusuf akasema kweli kabisa. Abdi akasema kweli. Mimi pia, wallahi, niliona ni maneno ya akili. Huku kwetu ukiacha kupiga pedali, baiskeli inasimama yenyewe, na Mungu amekwisha kukuwekea breki ya mchanga. Akang'oa vyuma vyote na mipira yake, baiskeli zote tatu, akavitia ndani ya mkebe wa samli, na mkebe nikausukuma chini ya kitanda. Tulizungumza kila siku juu ya kupanda. Tulijua tutakula nini tukipanda, tutapumua vipi tukipanda, nani atamsukuma nani. Hakuna mtu katika Garissa nzima aliyeuliza juu ya kushuka.

Njia ya kwenda Isiolo sitaisimulia yote, maana nikianza na matope sitamaliza. Walibeba baiskeli mabegani kuliko baiskeli zilivyowabeba wao, na mimi nilitembea nyuma nikibeba viatu vya wote. Viraka vya pancha viliisha, Guyo akajaza majani makavu ndani ya tairi la Yusuf, tukaenda hivyo hivyo, likilia kama mtu anayetafuna. Jioni tuliingia kwenye nyumba za wafugaji, ndugu zake Guyo au watu wetu, tukapewa maziwa, tukaswali, tukalala. Katika nyumba moja bibi mmoja alitutazama vijana watatu weusi kwa matope na mimi katikati akauliza, "Hawa wamekimbia nini?" Guyo akamwambia hatukimbii, tunafukuza mwezi. Kila alfajiri Yusuf alitoka nje kuutazama mwezi wa Shaaban, unaotangulia Ramadhani. Mwezi ule ulizidi kukonda, na yeye alikonda nao. Pale Isiolo kwenye kizuizi, askari alitazama vibali vyetu vya kupita, akazunguka baiskeli, akatutazama tena. "Mnapeleka nini huko juu?" Abdi akajibu, "Dada wa bwana harusi." Askari akaniangalia pale kwenye keria, guo limekauka matope mpaka magotini. "Bwana harusi mwenyewe yuko wapi?" Tukamwonyesha Yusuf, aliyekuwa anatoa majani kwenye tairi. Akainua kizuizi. "Nendeni," akasema, "huyo ameteseka vya kutosha."

Halafu ulikuja mlima. Mimi nilidhani mlima ni kitu unachokiona mbele, kumbe ukiwa juu yake huuoni, unaona barabara tu inayokataa kwisha. Walipiga pedali mpaka wakashindwa, wakasukuma, wakapanda tena, wakasukuma. Mchanga wa mto uliwasaidia, hilo ni kweli, miguu yao ilikuwa migumu. Lakini hakuna mchanga unaokufundisha baridi. Mimi nimezaliwa kwenye joto, na joto nalijua kama jamaa. Baridi nilikuwa sijakutana nayo. Iliniingia masikioni, ikanipiga meno, na alfajiri majani ya kando ya barabara yalikuwa yamevaa weupe mgumu ambao ukiushika unakuwa maji. Nilitia udhu kwa maji yale nikiomba Mungu anisamehe kwa haraka yangu. Tulilala kwenye banda la wakata mbao, na mama mmoja wa Kimeru alitupa viazi vya moto vilivyochemshwa na maganda yake. Sikuwahi kula kiazi. Nilikishika kwanza kwenye mashavu, halafu kwenye tumbo, halafu ndipo nikakila. Yule mama hakujua lugha yetu wala sisi yake, Kiswahili chake kilikuwa kama changu cha wakati ule, maneno ya sokoni tu. Aliniuliza, "Wewe baridi?" Nikamwambia, "Mimi baridi." Akanivika shuka lake na hakulitaka tena. Ninalo mpaka leo.

Siku iliyofuata, mchana umeanza kuinama, barabara ikaacha kupanda. Tukasimama. Mbele yetu nchi yote ilikuwa imeanguka chini, kavu na ya manjano, kwa sababu upande ule mvua ilikuwa haijafika, na mbali kabisa kulikuwa na moshi wa mji. Yusuf aliweka baiskeli chini akasujudu pale pale barabarani. Guyo hakungoja. Alisema, "Tumekwisha fika, hiyo ni ya kuteremka tu," akapanda, akajiachia. Tulimwona anakwenda vizuri. Halafu tulimwona anakwenda vizuri zaidi. Halafu miguu yake ikatoka kwenye pedali, ikasimama pande mbili kama mabawa ya mbuni, na tukasikia sauti yake ikituita Abdi, Yusuf, Habiba, mama yake, na Mungu. Barabara ilipokata kona yeye hakukata. Aliingia moja kwa moja kwenye kundi la kondoo, kondoo wakafunguka kama maji, na akapotea ndani ya majani marefu. Tulikimbia. Tulimkuta amelala chali, mzima, sufu imemshika kwenye ndevu. Alimtazama Abdi, akamtazama Yusuf, akasema taratibu, "Zile breki. Tumeziweka wapi?" Nikamwambia, "Chini ya kitanda changu."

Tulicheka mpaka tukakaa chini. Halafu Yusuf akaacha kucheka. Jua lilikuwa limeshuka, na jioni ile ndiyo iliyokuwa ya kutazama mwezi. Kusukuma kwa miguu mpaka kule kwenye moshi, tungefika watu wameshaswali isha, na Mzee Warsame ameshafunga mlango. Kujiachia kama Guyo, tungefika tumekufa. Nilimtazama kaka yangu, midomo imepasuka kwa baridi. Kando ya barabara wakata mbao walikuwa wameacha matawi makubwa, ya miti yao ile inayonukia kama ubani. Nikayaangalia, na mikono yangu ikakumbuka kabla ya kichwa. Tangu nikiwa mtoto kazi yetu wasichana ilikuwa kukata miba na kuiburura mpaka nyumbani kufunga boma. Tawi la mgunga ukiliburura linakuvuta nyuma kwa kila hatua, linashika ardhi kama lina hasira na wewe. "Fungeni hayo nyuma," nikasema. Yusuf akayatazama. "Hayana miba," akasema. "Basi fungeni mengi." Wakafunga kwa kamba za mizigo, kila baiskeli na rundo lake, na baiskeli yetu ikazidishiwa kwa sababu yangu. Lakini tulipojaribu, matawi yetu yaliruka ruka juu ya mawe, hayashiki. Abdi akageuka kunitazama. "Kaa kinyume," akasema. "Utie miguu juu yake." Nikakaa kinyume, mgongo wangu kwenye mgongo wake, miguu juu ya matawi. Akisema "kanyaga", nakanyaga. Akisema "wacha", nainua.

Hivyo ndivyo nilivyoushuka mlima ule, nikiutazama. Kila mtu aliyeshuka huko anakuambia aliona nchi mbele yake. Mimi niliona kilele kikipanda mbinguni nyuma ya vumbi letu, cheupe juu, kikienda mbali nami polepole, na nilimsifu Mungu kwa sauti maana hakuna aliyekuwa ananisikia. Vumbi lilikuwa kama la ng'ombe mia. Mgongo wa Abdi ulikuwa na joto. "Kanyaga. Wacha. Kanyaga, kanyaga, kanyaga." Nimeolewa naye miaka yote hii, ametembea nami kwenye shibe na kwenye njaa, na sidhani tumewahi kuelewana kuliko jioni ile, hatuonani uso.

Sikuuona mji ukija. Nilisikia mbwa, halafu watoto, halafu Abdi akasema "Assalamu alaikum" kwa sauti isiyo na pumzi, na baiskeli ikasimama. Nilipogeuka, jua lilikuwa limezama. Mzee Warsame alikuwa nje ya boma lake na wazee wengine, wametoka kutazama mwezi, na wote walikuwa wanatutazama sisi. Alikuwa mrefu, na mkono wake bado uko juu ya macho. Akatazama lile vumbi likitulia nyuma yetu, akatazama matawi. "Nimeona vumbi juu ya barabara," akasema, "nikawaambia hawa wazee, mkwe wangu ana aibu kidogo, amekuja na ngamia wangu wa mahari. Kumbe ameniletea kuni." Wazee wakacheka. Mmoja wao, mwenye macho mazuri, akainua fimbo kuelekea magharibi, akaanza, "Warsame, ule si ndio..." Nilisikia moyo wa Yusuf kutoka nilikosimama. Mzee Warsame hakugeuka. Aliweka mgongo wake upande wa magharibi, imara kabisa kama mtu anayezuia upepo, akatuonyesha mlango kwa mkono. "Wageni wanaingia," akasema. "Waingie kwanza. Halafu mimi nitageuka niangalie hicho unachonionyesha."

Tukaingia. Mimi nikaenda upande wa wanawake, nywele zangu nyekundu kwa vumbi, nikamkuta Zeinab amekaa kwenye kona nyuma ya mama yake. Nilikuwa nimetayarisha maneno mazuri tangu Garissa, yote yalikuwa yametoka masikioni na baridi. Nikamwuliza tu, "Unamtaka kaka yangu?" Akachungulia nje kwenye upenyo wa ukuta, akaniuliza, "Ndiye yule mwenye majani kwenye tairi?" Nikamwambia ndiye. Akanyoosha mikono yote miwili. Nje nikasikia wazee wakitoa takbiri kwa ajili ya mwezi, na Guyo akiitikia kwa nguvu kuliko wote. Mimi mwezi wa siku ile sikuuona kabisa, wala sijui ulikuwaje. Kesho yake tulifunga, na wanawake wa pale walifungia zizi la mbuzi yale matawi yetu.

Hayo ndiyo tuliyokuwa tunayasema siku ile Guyo alipokuja. Zeinab alikuwa amekifunga kile kitambaa cha mama, kimechakaa kwenye mikunjo, na Yusuf alikuwa anamwambia Guyo kwamba kondoo wale walikuwa wachache, na Guyo anasema walikuwa wengi sana, ndiyo maana yuko hai. Magharibi ikakaribia. Nikawaacha nikatoka kufunga mbuzi. Nina mbuzi wachache nyuma ya nyumba, na mlango wa zizi ni tawi la mgunga kama la marehemu mama, bati sitaki. Nikalishika, nikaanza kuliburura. Uwanja wangu ni mchanga mtupu, sawa kama mkeka, huwezi kuteremsha hata yai. Halafu sauti ya Abdi, ambaye goti halimruhusu kuinuka haraka, ikatoka dirishani taratibu.

"Kanyaga," akasema.